Sekunde Kumi na Moja

Meli ya Bukoba inang'oa nanga saa tatu usiku.
Saa nne asubuhi niko Makoroboi, ngazi ya nyuma,
kompyuta nimeiviringisha kwenye kanga kama mtoto mwenye homa.

Nyanzala akailaza kifudifudi, bisibisi mdomoni,
skrubu akazipanga kwenye kifuniko cha chupa.
Moja haikuwapo. "Ilidondoka lini?"
Sijui, mwanangu.
Vingapi vimedondoka na mimi nimeendelea kuandika.

Akapuliza feni. Kikaruka kichwa cha dagaa,
kikavu, jicho wazi,
kikatua juu ya daftari lake la wateja.
Tulicheka hadi fundi simu wa jirani akachungulia.
Nikamwambia, hiyo ni mashine ya Igombe,
miaka tisa inahesabu magunia kando ya chanja,
ulitaka inukie waridi?

Diski ya zamani ilikuwa na sauti.
Ilikwaruza kama kuku chini ya meza.
Nilikuwa nikibonyeza kitufe naenda zangu:
nachochea jiko, nageuza dagaa upande wa pili,
namjulia hali Mama Kasoga ng'ambo ya ukuta,
mguu wake, mkwe wake, mbuzi wake,
nikirudi, mashine ndiyo kwanza inapangusa uso.
Na betri yake ya saa ilikwisha kufa.
Kila ilipozimwa ilisahau yote,
ikiamka inaapa leo ni Januari mosi
ya mwaka ule ilipotoka kiwandani.
Mzigo mzima wa masika
nimeuuza kwa tarehe ya mwaka mpya,
wanunuzi wakaniona mlevi.

"Nihamishe vyote, au utachagua?"
Kuna jalada nililolipa jina BAADAYE.
Kilichomo sikumbuki.
Picha za matanga? Barua ya kuomba kazi halmashauri?
Orodha ya wadaiwa, ambao wawili tumeshawazika?
"Vyote," nikasema. Haraka mno.

Asilimia kumi na nne.
Asilimia thelathini. Nikanunua karanga.
Asilimia sitini na moja, umeme ukakatika.
Makoroboi nzima ikaguna kwa mdomo mmoja,
majenereta yakaanza kukohoa, moja, jingine,
nami nikaiona meli ikiondoka bila vitabu vya kikundi,
wanawake ishirini na wawili wakiniuliza, katibu, vipi?
Nyanzala alikuwa anamenya karanga zangu.
"Ya kwanza haijaguswa, mama. Tunaanza upya."
Haijaguswa. Nikalishika neno hilo
kama tiketi.

Saa kumi na moja jioni mfumo mpya ukaamka,
ukaniuliza lugha.
Miaka tisa nimeingia humo kwa Kiingereza,
nikibisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe.
Nikashuka na kidole, nikayapita mataifa,
nikaikuta yangu chini kidogo ya Kinyarwanda,
imekaa tu, kama mtu aliyefika mapema kwenye foleni.
Ukauliza nafuata saa za wapi. Ukapendekeza Nairobi.
Nikauacha na Nairobi yake; jua ni lile lile.

Betri ya saa nayo akabadilisha, duara, ndogo kama kifungo cha shati.
Diski kuukuu akanipa kwenye bahasha ya kaki,
nzito kuliko iliyochukua nafasi yake.
"Usiitupe ziwani," akasema,
kana kwamba ameniona nikiwaza.

Sasa taa za Kirumba zinarudi nyuma.
Naifungua magotini, nabonyeza,
namgeukia abiria wa kando, dada mwenye ndoo mbili za rangi:
"Habari za..."

Tayari. Sekunde kumi na moja.
Tarehe ni ya leo. Hesabu zote zimejipanga, kimya,
hakuna kuku, hakuna jiko la kuchochea,
na dada anangoja nimalizie salamu.

BAADAYE ipo pale, kona ya kushoto.
Nafunika.

"Za nyumbani," nasema. "Na huo mguu, umefanyaje?"